Kioo cha nyuma chenye ukungu: kazi ya siku ya posho kwa chupa moja ndogo

Mvua imerudi. Tangu mwezi wa kumi na moja ulipoanza tunaona picha ileile kila asubuhi mbele ya masomo ya watoto wetu. Motokari zimejipanga, vioo vimefungwa juu ya mvua, ndani mna watoto wanne au watano wenye nguo za bluu na nyeupe zilizolowa, na kioo cha nyuma kimekuwa cheupe kama maziwa. Dereva, ambaye mara nyingi ni mmoja wetu, anataka kurudi nyuma. Anafungua mlango, anatoa kichwa kwenye mvua, anapiga honi, halafu anarudi kwa kubahatisha. Na nyuma yake watoto wa wengine wanapita.

Juma hili tunaandika juu ya kioo hicho. Karibu kila motokari ndogo inayopita katika barabara zetu ilitoka kiwandani ikiwa na dawa ya ukungu wa nyuma: zile nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia zinazopita kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, kama mistari ya daftari. Ukibonyeza kifungo chake, nyuzi zinapata joto na ukungu unaondoka kwa dakika chache. Mafundi wa garaji wanaiita dejivraji. Lakini waulize wamama wanaoendesha. Wengi watakujibu kwamba ya kwao haijafanya kazi tangu waliponunua motokari, na wengine hawakujua hata kama kifungo kipo. Kipo. Kina picha ya mstatili wenye mishale mitatu iliyopinda kama moshi unaopanda. Picha inayofanana nayo, lakini yenye umbo la upepeo, ni ya kioo cha mbele. Hata kama maandishi mengine yote ndani ya motokari ni ya Kijapani, picha hizo mbili ni zilezile.

Mwenzetu mmoja wa Katuba alipeleka yake garaji (hatutaji garaji, wala si neno la kugombana). Akaambiwa nyuzi zimekufa na kioo chote lazima kibadilishwe. Bei waliyomtajia ilikuwa sawa na minervali ya trimesta nzima ya mtoto mmoja. Akaleta habari hiyo kwenye mkutano wetu kama swali: je, ni kweli? Kati yetu yupo mmoja aliyesoma umeme katika masomo ya ufundi, naye akacheka. Akasema, kabla ya kulipa kitu, twende kwanza tukaangalie. Basi siku ya posho iliyofuata, baada ya salongo, tulikutana wanne katika lupango lake, chini ya bati la baraza, tukiwa na sanduku moja dogo la vyombo.

Kwanza, ukungu wenyewe

Ukungu hautoki nje. Unatoka kwetu. Pumzi ya mtu ina maji ndani yake, na nguo zilizolowa zina maji, na tapi za chini zilizokanyagwa na viatu vya matope zina maji. Hayo yote yanapanda kama mvuke katika hewa ya ndani ya motokari. Mvuke ukigusa kioo kilichopoa kwa mvua ya nje, unageuka matone madogo sana, na matone hayo ndiyo weupe tunaouona. Watoto watano wanaoimba na kugombana nyuma wanatoa mvuke mwingi kuliko dereva peke yake, na wao wanakaa karibu na kioo cha nyuma. Ndiyo sababu kile cha nyuma kinafungwa mbele ya vingine.

Sisi wa Lubumbashi tunapata taabu hii mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Mara ya pili ni mwezi wa sita na wa saba, ambapo mvua haipo kabisa lakini asubuhi kuna baridi ya kweli, kwa kuwa mji wetu uko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataona jambo hili kama kitu cha Wazungu. Sisi tunalijua tukiwa na sweta na kikombe cha chai mkononi saa kumi na mbili asubuhi.

Na kuna jambo lingine la mji wetu. Kongo tunaendesha upande wa kuume, lakini motokari nyingi zinazotufikia kupitia Kasumbalesa zina usukani upande wa kuume pia, maana zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto. Dereva wake anakaa karibu na ukingo wa barabara, mbali na katikati. Akitaka kujua kama lori linampita kwenye njia ya Likasi, jicho lake halifiki huko moja kwa moja. Anategemea vioo vya pembeni na kioo kidogo cha katikati, na hicho cha katikati kinaangalia kupitia kioo cha nyuma. Kioo cha nyuma kikifungwa, amebaki na nusu ya macho yake. Katika motokari nyingi kifungo kilekile cha nyuma kinapasha moto vioo vya pembeni pia; jaribuni mtaona.

Uzi wa feza

Wengi wetu tulikua tukitazama bomba refu la moshi la Gécamines na mlima mweusi wa mabaki yake, tukafundishwa kwamba shaba ndiyo njia ya umeme. Ni kweli, na nyaya zinazopeleka umeme hadi kwenye kioo ni za shaba. Lakini uzi wenyewe ulio juu ya kioo ni wa feza. Hatusemi feza za kununulia unga, tunasema madini yenyewe, ile ya mkufu na pete, ambayo inapitisha umeme vizuri kuliko hata shaba. Kiwandani wanaisaga, wanaichanganya na unga wa kioo, wanaichapa juu ya kioo kama mtu anayechapa kitenge, halafu wanakiingiza katika tanuru lenye joto la zaidi ya digrii 600. Rangi inashikamana na kioo na kuwa kitu kimoja.

Ndiyo sababu nyuzi hizi zinadumu miaka ishirini na zaidi zikiachwa kwa amani. Ni sababu pia kwamba zinakufa kwa mkwaruzo mmoja: ni nyembamba sana, ziko upande wa ndani, na hazina kitu cha kuzifunika. Mkwaruzo wa upana wa punje ya mchele unatosha kukata uzi wote wa metre moja.

Hapa ndipo jibu la swali la mwenzetu lilipo. Nyuzi hazifuatani kama shanga kwenye kamba. Kila moja inasimama peke yake, kutoka mkanda mpana wa upande wa kushoto hadi mkanda mpana wa upande wa kuume, kama vipandio vya ngazi. Kipandio kimoja kikivunjika, vingine vinabaki. Basi swali la kwanza si "kioo kimekufa?" Swali la kwanza ni: nyuzi zote hazipati joto, au ni chache tu?

Kujua ni rahisi na hakuhitaji chombo. Ngojeni asubuhi yenye ukungu, washeni injini, bonyezeni kifungo na muangalie. Nyuzi zilizo hai zitafungua mistari ya uwazi. Uzi uliokatika utabaki na ukungu wake kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa umeme haupiti hata kidogo. Motokari ya mwenzetu ilikuwa na nyuzi kumi na mbili. Tisa zilifanya kazi. Tatu, zilizo katikati kabisa, mahali jicho la dereva linapopita, zilikuwa zimekufa. Dereva alikuwa akiona juu na chini, na katikati hakuna kitu, ndiyo maana alifikiri zote zimekwisha.

Kama zote hazifanyi kazi, msiguse kioo kwanza. Angalieni fizibu, kile kipande kidogo cha plastiki kinachokatika umeme ukizidi. Bei yake si kitu. Angalieni kama waya bado umeshika kwenye mkanda wa kila upande wa kioo. Na kwa motokari zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, angalieni lile bomba la mpira ambamo nyaya zinapita kutoka kwenye mwili wa motokari kuingia kwenye mlango. Nyaya hizo zinapinda kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, miaka kumi, miaka kumi na tano, mpaka zinakatika ndani ya mpira bila mtu kuona. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa saa moja, na hakuna kioo cha kununua.

Kutafuta mahali palipokatika

Tulijua sasa nyuzi tatu zilizokufa, lakini kila moja ilikuwa na urefu wa metre moja na zaidi. Mkato wenyewe uko wapi? Mmoja alishika tochi upande wa nje wa kioo, wengine tukaangalia kutoka ndani, na mkato wa uzi wa kwanza tuliuona kwa macho: alama nyeupe ndogo, kama ukucha ulipita hapo. Ile mingine miwili haikuonekana. Kwa hiyo tulichukua multimeta.

Multimeta ni chombo kidogo cha kupimia umeme, chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Inapatikana kwa wauza vitu vya umeme, na ya bei ya chini inatosha kabisa kwa kazi hii. Inatumia pile yake ya ndani, kwa hiyo hata siku SNEL imekata umeme mtaa mzima kazi inaendelea. Igeuzeni kwenye volti za batri (si za nyumba), kiwango cha 20. Kabla ya kuanza tulivua bangili na pete. Umeme wa volti 12 hautamtupa mtu chini, lakini pete ikigusa waya wenye umeme na chuma cha motokari kwa wakati mmoja inaweza kupata moto wa kuunguza kidole.

Ncha za multimeta ni kali, na zinaweza kukwaruza uzi mzima uliokuwa salama. Tulikunja kipande kidogo cha ile karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula juu ya ncha ya waya mwekundu, tukaishikilia kwa kidole. Waya mweusi tulimpa mmoja aushike kwenye mkanda wa upande ambao umeme unatokea. Injini iliwashwa, maana nyuzi hizi zinakula umeme mwingi, ampere 10 hadi 20 kufuatana na motokari. Ni umeme ambao ungewasha taa za LED ishirini za nyumba. Ukizipima injini ikiwa imezimwa, batri iliyochoka itakuacha hapohapo. Motokari yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana kifungo kinajizima baada ya dakika kumi au kumi na tano. Ikijizima katikati ya kazi msishangae, bonyezeni tena.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwenye mkanda wa upande ambao umeme unaingilia, multimeta ilionyesha karibu volti 13.5. Kwenye uzi mzima, ukitembeza ncha polepole kuelekea upande wa pili, hesabu inashuka kidogo kidogo: 13, 10, katikati ya kioo karibu 7, halafu 4, halafu 1, mwishoni sifuri. Ni kama mtu anayeteremka ngazi. Kwenye uzi uliokatika hakuna ngazi. Hesabu inakaa palepale kwenye 13.5, inakaa, inakaa, halafu kwa hatua moja inaanguka hadi sifuri. Mahali inapoanguka, hapo ndipo palipokatika.

Kuna njia ya kufupisha. Gusa katikati ya uzi kwanza. Ikiwa ni 7, uzi ni mzima, nenda kwenye mwingine. Ikiwa ni 13 kamili, mkato uko kati ya hapo na upande umeme unapotokea. Ikiwa ni sifuri, mkato uko upande ule mwingine, wa umeme unaoingia. Kwa njia hiyo tulipata mikato yote mitatu kwa muda usiofika nusu saa, na kila mmoja tukauwekea alama upande wa nje wa kioo kwa kipande cha skochi. Alama tatu zilikuwa karibu zimepangana mstari mmoja, moja chini ya nyingine. Mwenye motokari alizitazama kidogo, akasema: "Makala." Ndiyo, gunia la makala lililosimamishwa nyuma na kusuguana na kioo njia yote kutoka mashambani.

Rangi yenyewe

Rangi ya kutengenezea inauzwa katika chupa ndogo sana, kama ya verni ya kucha. Juu yake lazima pawe pameandikwa kwamba inapitisha umeme. Kwa Kifaransa utasoma neno "conducteur" au "conductrice". Waulizeni wauza piesi, na waulizeni pia mafundi wa telefoni na kompyuta, maana wengine wanaitumia kutengeneza njia ndogo za umeme. Yetu ililetwa kutoka Kasumbalesa. Chupa ni ndogo na bei yake si ya bure kwa sababu ndani mna feza ya kweli, lakini chupa pamoja na skochi na alkoli haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kile kioo.

Tunaonya juu ya kitu kimoja, kwa kuwa tayari tumeulizwa. Verni ya kucha ya rangi ya feza haifanyi kazi hii. Inang'aa tu, umeme haipitishi. Karatasi ya aluminiamu iliyobandikwa na gundi ya kawaida nayo haisaidii, gundi inakaa katikati na kuzuia umeme. Penseli pia hapana.

Tulizima injini tukatoa ufunguo. Tulifungua milango yote, maana rangi hii ina harufu kali, na mwenzetu mwenye mimba tulimwomba akae mbali pamoja na watoto. Kwa pamba na alkoli ya famasi tulipangusa mahali pa mkato na kama sentimetre tatu kila upande, mpaka pamba ikatoka safi. Mafuta ya mkono yakibaki, rangi haishiki.

Halafu skochi. Kipande kimoja juu ya uzi, kingine chini yake, ili uwazi uliobaki kati yao uwe na upana wa uzi wenyewe, kama milimetre moja. Hii ndiyo sehemu ya kuwa na subira, na tunasema bila kujisifu kwamba mikono iliyozoea kusuka nywele na kushona inaifanya vizuri. Rangi ikizidi upana wa uzi, joto la mahali hapo halitakuwa sawa na la uzi wote. Tulitikisa chupa kwa muda mrefu kwa sababu feza ni nzito na inakaa chini. Tukapaka kwa brashi ndogo, tukianza kwenye uzi mzima, tukivuka mkato, tukiishia kwenye uzi mzima wa upande wa pili, kama sentimetre moja kila upande. Tukangoja dakika kumi na tano, tukapaka tena. Tukangoja, tukapaka mara ya tatu. Kabla rangi haijakauka kabisa tulivuta skochi polepole, kwa pembe, na nyuzi tatu zikaonekana zimeungana.

Baada ya hapo, ni kuacha. Saa 24 bila kugusa kifungo, bila kupangusa kioo, na mlango wa nyuma usipigwe kwa nguvu. Ndiyo maana siku ya posho mchana ni saa nzuri: motokari inalala chini ya bati, na siku inayofuata mnaenda kusali kwa miguu. Mtu mwenye haraka anaweza kusaidia kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, joto la chini. Msifanye kazi hii kwenye kioo chenye unyevu wala chini ya jua kali la saa sita.

Jioni ya siku ya pili tuliwasha injini, tukapuliza pumzi juu ya kioo, tukabonyeza. Nyuzi kumi na moja zilifungua njia zake. Moja ya zile tatu ilibaki na ukungu. Tulipoipima tena tukaona ilikuwa na mkato wa pili, karibu na pembeni, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza. Multimeta inaonyesha mkato mmoja kwa wakati mmoja. Chupa ilikuwa bado na rangi. Siku tatu baadaye zote kumi na mbili zilikuwa hai.

Yasiyotengenezeka hivi

Mkato unaozidi sentimetre mbili hautengenezeki vizuri kwa brashi. Uzi uliopanguswa wote na kubaki kivuli tu, umekwisha. Unaweza kuuacha na kuishi na zile nyingine. Na kama ni kile kipande cha chuma cha kuunganishia waya kilichobanduka kutoka kwenye mkanda, rangi peke yake haitakishika. Inahitajika gundi maalum yenye feza, ya chupa mbili zinazochanganywa, au risasi ya kuchomelea. Kazi ya kuchomelea tunashauri iachiwe mtu anayeijua. Kioo hiki kimekazwa kwa joto kiwandani, na kikipata moto wa ghafla mahali pamoja kinaweza kupasuka chote kwa mara moja, vipande elfu vidogo kama chumvi ya mawe. Hapo ndipo utanunua kioo kweli.

Kuhusu kulinda nyuzi zilizo hai, mambo ni machache. Gunia, kiti cha plastiki, spika ya muziki ya ndoa, chochote kigumu kinachosimama nyuma, wekeni kitambaa kati yake na kioo. Kioo cha ndani kipanguswe kwa kitambaa laini kufuata mstari wa nyuzi, kamwe si kuzikata. Vibandiko vya masomo, vya kanisa au vya timu, bandikeni kwenye mwili wa motokari. Vikibandikwa juu ya nyuzi vitakuja kuondoka nazo.

Na ile karatasi nyeusi ya kutia kioo giza inaua nyuzi nyingi sana katika mji huu. Kila mara polisi wa barabara wanapokaza juu ya vioo vyeusi, watu wanaibandua kwa haraka kwa wembe, na nyuzi zote zinaenda na karatasi. Ikiwa lazima itoke, ipasheni joto kwanza kwa mashine ya nywele au kwa jua la mchana, ilainike, halafu ivutwe polepole kutoka upande hadi upande, kufuata nyuzi. Gundi inayobaki itoke kwa maji ya moto na sabuni. Wembe ubaki nyumbani.

Wakati wa kungoja rangi, au kama feza za chupa bado hazijapatikana, kuna njia ya kupunguza ukungu. Klima ikiwa inafanya kazi, iwasheni hata kama kuna baridi, maana inakausha hewa. Zimeni kile kifungo kinachozungusha hewa ya ndani, acheni ya nje iingie. Shusheni vioo viwili upana wa kidole. Toeni tapi zilizolowa. Na kioo kichafu kinashika ukungu haraka kuliko kisafi.

Kazi ya kumpa dereva macho safi katika mvua ina mama mmoja ndani yake, na tulifurahi kukuta jina lake. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipanda tramu huko New York siku ya baridi akaona dereva akihangaika na kioo kilichofunikwa na theluji. Akabuni mkono wa kupangusa kioo unaoendeshwa kutoka ndani, na tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1903 akapewa hati ya ubunifu huo. Mwaka 1905 alijaribu kuuza haki zake kwa kampuni moja ya Kanada, ikamjibu kwamba kitu hicho hakina thamani ya biashara. Leo hakuna motokari isiyokuwa nacho. Hakupata feza yoyote.

Tumalizie na watoto, kwa sababu ni kwa ajili yao mwenzetu alileta swali lake. Kioo kikiwa safi kabisa, bado hakionyeshi mtoto wa miaka miwili aliyesimama karibu na bampa. Kichwa chake kiko chini ya ukingo wa kioo. Katika lupango zetu, ambamo motokari, mbuzi, ndoo za maji na watoto wa nyumba tatu wanakaa pamoja, dereva azunguke motokari kwa miguu kabla ya kuwasha, hata kwenye mvua, na mtu mzima mmoja awe ameshika mikono ya wadogo mpaka geti lifungwe.

Multimeta tuliyotumia sasa ni ya chama. Iko kwa mweka hazina pamoja na mabaki ya ile chupa, yanayotosha kwa mikato minne au mitano hivi. Anayeihitaji aandike jina kwa karani baada ya mkutano, aichukue siku ya posho na kuirudisha siku ya pili ya kazi, na pile yake ikiwa bado ndani.